Kipanya Kimoja kwa Kompyuta Mbili

Wadogo zangu wa chumba cha mitambo, mmeniomba niandike nilivyofanya kazi, nami naandika upesi kabla sijazoea kulala mchana. Vyeo vyangu mtavikuta kwenye faili, kama mchwa hawajafika kwanza. Mshahara mnaujua, maana ndio huo huo mnaoulalamikia. Mimi nitasimulia kazi yenyewe, na zaidi ile ya mwaka wangu wa mwisho, ambayo hadi leo nikiikumbuka natembea kifua mbele sokoni na watu hawajui kwa nini.

Ufundi nilijifunza Mtendeni, hapa Tabora mjini, kwenye kibanda cha Fundi Mihayo. Nilikuwa nimetoka Igalula kuja kukaa kwa shangazi, naye shangazi alichoka kuniona nikifungua redio yake kila akienda misa. Akanishika mkono hadi kwa fundi, akasema, "Huyu mtoto chukua, kabla hajanimalizia vitu." Siku ya kwanza Fundi Mihayo hakunipa bisibisi wala pasi ya kulehemu. Alinipa brashi na redio iliyotoka Ulyankulu, mgonjwa asiyekamata stesheni hata moja.

"Unaona nini?" akaniuliza nilipoifungua.

"Masizi, fundi."

"Sasa masizi na redio wapi na wapi? Hii redio inakaa jikoni. Binti, kitu hakiharibiki peke yake. Kinaharibikia mahali, na watu wa mahali hapo. Ukitaka kujua kinaumwa nini, kajue kwanza kinaishi vipi."

Amri yake ya pili ilikuwa hii: chomoa kimoja tu, kisha nyamaza utazame. Ukichomoa viwili kwa pamoja na kitu kikapona, alikuwa anakuuliza ni kipi kilichoponya, na ukibabaika anavirudisha vyote viwili uanze upya. Nilirudia sana. Wateja walikuwa wakiona fundi na mwanafunzi wake wamekaa wanakodolea redio bila kusema neno, wengine wakadhani tunaagua.

Stesheni yetu hii ya redio ilipofunguliwa mjini niliomba kazi nikapata. Siku ya kwanza nilikuta kinasa sauti cha kanda, miksa yenye vitufe vingi kuliko watumishi, na mtangazaji mmoja anayenitazama kama nimekuja kufagia.

"Dada, maji ya kunywa yako wapi?" akaniuliza.

"Mimi ndiye fundi," nikamjibu.

"Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi."

"Basi hapo sawa. Kabebe ile spika."

Huyo ndiye Kibwana. Ni Mzaramo wa Tabora: babu wa babu yake alikuja na msafara kutoka pwani, akaonja asali ya hapa, habari za kurudi zikaisha. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu njia ile ya misafara. Wao husema sisi tulizaliwa na mizigo mabegani, sisi husema wao walizaliwa wamelala wakisubiri mizigo ifike. Nilimwambia spika ataibeba mwenyewe, na kama mgongo ukikatika nitakuja msibani kwake kula. Tangu hapo tukawa marafiki.

Nilifunga mitambo, nikaifungua, nikaifunga tena. Kanda zikaondoka, zikaja sidii, sidii nazo zikaondoka kabla hatujamaliza kuzipanga, zikaja kompyuta. Radi ilituunguzia mtambo wa kurushia mara nyingi kiasi kwamba wingu likitanda upande wa Urambo nilikuwa naacha kula nakwenda kuchomoa nyaya. Hayo yote mnayajua au mtayajua. Sasa nije kwenye kesi yenyewe.

Kibwana alipata kiharusi. Kwa muda hatukujua kama atazungumza tena, na kipindi chake cha alasiri, chenye salamu na matangazo ya misiba, kikashikwa na huyu na yule. Mungu ni mwema, sauti ilirudi nzima. Mkono wa kulia ukabaki nyuma. Unainuka, unashika kikombe kwa taabu, lakini kazi ya haraka haiwezi.

Na studio yetu inataka mikono miwili. Mezani kuna kompyuta mbili. Ya kulia ndiyo inayorusha: nyimbo na matangazo ya biashara, ukibonyeza tu kitu kimekwenda hewani. Ya kushoto inapokea ujumbe wa wasikilizaji. Kila moja ilikuwa na kipanya chake, mtangazaji anacheza nazo kama mpiga ngoma mbili. Kibwana aliporudi nikatafuta programu inayounganisha kompyuta zote mbili kwa kipanya kimoja. Unasukuma mshale mpaka ukingo wa kioo cha kushoto, unavuka, unatokea kwenye kioo cha kulia. Nikakiweka kipanya hicho upande wa mkono wake wa kushoto.

Alipouvusha mshale mara ya kwanza alicheka hadi akashika meza. "Mtani, umenijengea daraja!" Nikamwambia Wanyamwezi tunajua njia, yeye apite tu.

Daraja lilifanya kazi vizuri msimu wote wa baridi. Lilipoingia joto la kabla ya mvua, ndipo mambo yalipoharibika. Mshale ukaanza kuruka. Kibwana yuko kwenye kompyuta ya ujumbe, anataka kufungua salamu ya mtu, mara mshale haupo, umehamia kwenye kompyuta inayorusha, na kidole kimeshabonyeza. Wimbo unakatika katikati. Tangazo la sabuni linaingia juu ya sauti ya mtu anayemsalimia mama mkwe wake. Wasikilizaji walicheka, nasi tukacheka kidogo.

Kisha ikaja Jumanne. Kibwana alikuwa anasoma tangazo la msiba kutoka Igalula, kijiji changu mimi, mzee wa watu amefariki, watoto wametajwa wote kwa majina. Akabonyeza ili afungue sehemu ya pili ya ujumbe. Badala yake ukaingia wimbo wa harusi, tarumbeta na vigelegele. Aliuzima, lakini lililokwenda hewani halirudishwi. Kesho yake mtoto mkubwa wa marehemu alikuja ofisini kwa pikipiki, nguo zimejaa vumbi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mmemchezea baba yetu ngoma," akaondoka. Ningependa angetutukana.

Meneja wetu, Bwana Shija, si mtu mbaya. Aliniita akafunga mlango. "Mama Fundi, mzee simfukuzi. Lakini Jumatatu kipindi kinashikwa na mtu mwingine. Mzee atahamia maktaba ya sauti, akapange kumbukumbu. Na kuanzia leo mpaka hapo, matangazo ya misiba asisome." Mnaijua maktaba ya sauti. Ni chumba ambacho hakuna anayeongea.

Nilimkuta Kibwana ameketi nje, ameshika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, kana kwamba amebeba wa mtu mwingine.

"Usijisumbue na mashine, mtani," akasema. "Ni mkono huu. Unashtuka mwenyewe. Huu wa kulia ulianza hivyo hivyo, na mimi nikajifanya sioni."

"Daktari kakwambia?"

"Sijaenda. Nitakwenda kusikia nini?"

Hapo nikakasirika kweli. Nikamkasirikia meneja, nikamkasirikia Kibwana, nikajikasirikia mwenyewe niliyeijenga ile njia. Mtu aliyepigana na kiharusi akashinda alikuwa sasa anashindwa na kipanya. Nikamwambia, "Mpaka Jumatatu mkono huo ni wangu, usiusemee." Nikaingia kazini.

Nilianza kama nilivyofundishwa. Nikachomoa kimoja, nikanyamaza. Nilibadilisha kipanya, mshale ukaruka. Nikabadilisha waya wa mtandao unaounganisha kompyuta mbili, ukaruka. Nilipochomoa kisanduku cha sauti kwenye kompyuta inayorusha, ukatulia! Kisanduku hicho ndicho kinachopokea sauti kutoka kwenye miksa na kuiingiza kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Kina kitufe kikubwa cha mviringo cha kuongeza na kupunguza sauti, ambacho hatukigusi, kwa sababu sauti tunaipimia kwenye miksa. Nilikirudisha, mshale ukaruka. Nikakichomoa, ukatulia. Nikasema nimekukamata.

Alhamisi asubuhi nilikipeleka kwenye meza yangu ya ufundi, nikakiunganisha na kompyuta mbili nyingine na programu ile ile, nikakitazama hadi macho yakauma. Kikawa kitoto cha malaika. Mshale haukutikisika. Nikachukua kisanduku cha akiba, kipya, nikakifunga studio mahali pa kile. Alasiri kipindi kilipoanza, mshale ukaruka vile vile, na mimi naapa uliruka kwa dharau.

Sasa tafakarini wenyewe. Kisanduku kikiwa studio, kinaumwa. Kikija kwangu, kimepona. Cha pili nacho ni vivyo hivyo. Maana yake hakuna kisanduku kibovu, kuna mahali pabovu. Ilinichukua usiku mzima kulikubali jambo ambalo Fundi Mihayo aliniambia siku ya kwanza.

Ijumaa sikubeba chombo hata kimoja. Nilivuta kiti nikakaa nyuma ya Kibwana wakati wa kipindi, mikono nimeipakata. Alikuwa anaendesha salamu tu, misiba ikisomwa na mwenzake kutoka chumba cha pili. Joto lilikuwa kali, kiyoyozi kimekufa, tumeweka feni ndogo ya mezani inayogeuza kichwa huku na huku. Nikawa natazama. Feni inageuka kwa Kibwana, karatasi zinapepea kidogo. Inageuka kwenye mashine. Mshale unaruka. Inarudi kwa Kibwana, mshale umetulia. Inageuka tena kwenye mashine, mshale huyoo!

Nilidhani ni umeme wa feni unaosumbua nyaya. Nikaihamishia kwenye soketi ya ukutani, mbali kabisa. Mchezo ukawa ule ule. Basi haukuwa umeme. Ulikuwa upepo.

Pembeni mwa kioo cha kompyuta inayorusha tulikuwa tumebandika karatasi yenye namba ya simu ya studio, ili watangazaji wasiisahau hewani. Sijui kwa nini niliibandua. Nyuma yake, kwenye kona ya kioo, kilikuwa kinajitokeza kimstari cha sauti, kile kinachoonekana mtu akigusa kitufe cha kuongeza au kupunguza. Kinatokea, kinapotea. Sauti inapanda chembe, inashuka chembe, sikio halisikii. Lakini kompyuta inahesabu kwamba ufunguo wa kibodi umeguswa. Na ile programu ya kipanya ilikuwa na tabia yake: ikiona ufunguo umeguswa kwenye kompyuta fulani, inaamini kuna mtu ameketi hapo, inampelekea mshale.

Nani basi alikuwa anagusa kitufe? Nikatazama kisanduku. Hakikuonekana. Kilikuwa kimefunikwa kitambaa.

Ninyi wote mmekulia kwenye nyumba ambazo redio haikai uchi. Kitambaa cha kufuma, cheupe, kimewekwa juu ili vumbi lisiingie na wageni wajue nyumba hii ina mama. Studio yetu nayo ilikuwa imepata chake, na kwa miaka yangu yote nimepita mbele ya vitambaa vya namna hiyo bila kuviona, kama mtu asivyoona pua yake. Hiki kilikuwa na shanga zilizoshonewa pembezoni ili upepo usikipeperushe. Feni ikigeuka, ukingo unainuka, shanga zinagonga kile kitufe laini, kinasogea mbele unywele na kurudi nyuma unywele. Hata Alhamisi nilipobadilisha kisanduku, mtu mwema alikuwa amekifunika kipya kwa kitambaa kile kile.

Nikakinyanyua. Feni ikageuka. Mshale ukabaki palepale. Nikakirudisha. Ukaruka. Nikakinyanyua tena, nikasubiri feni igeuke na kurudi mpaka nikachoka. Kimya. Nilitaka kupiga kigelegele, lakini taa nyekundu ya maikrofoni ilikuwa inawaka.

Wimbo ulipoanza na maikrofoni ikazimwa, nikamwonyesha Kibwana kitambaa. "Mkono wako haujakosea hata mara moja," nikamwambia. "Mbaya wako ni huyu. Nani kakileta?"

Aliniangalia, akatazama kitambaa, akainamisha kichwa. "Mke wangu."

"Zuhura? Nitampigia simu sasa hivi."

"Usimpigie!"

"Kwa nini nisimpigie?"

"Kwa sababu ni mimi." Alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Hospitali waliniambia mkono wa kulia niupe kazi ndogondogo. Zuhura akanipa uzi na sindano ya kufumia. Miezi nimefuma, nafumua, nafuma. Hicho ndicho cha kwanza kumalizika. Shanga nimezitunga mwenyewe, moja moja, kwa huo huo mkono. Nikasema nikiweke mahali ninapokaa, nikione. Nikawaambia watu kafuma mke wangu. Wangenicheka."

Nilikitazama upya. Upande mmoja, alikoanzia, mishono ilikuwa imekwenda upogo, mikubwa kwa midogo. Kadiri ulivyokwenda upande wa pili mishono ilinyooka, na mwishoni ilikuwa safi kama ya bibi arusi. Machozi yalinitoka, sitaki kuwadanganya. Kisha nikakumbuka kwamba ni mtani wangu.

"Mzaramo," nikamwambia, "umekwepa mizigo maisha yako yote, kumbe ulikuwa unajifunza kutandika!"

Alicheka, nami nikacheka, na wimbo ulikuwa karibu kwisha hakuna aliyekuwa tayari. Akauvusha mshale kwa mkono wa kushoto, akabonyeza, wimbo mwingine ukaingia mahali pake bila pengo.

Kabla ya Jumatatu niliizima kwenye programu ile tabia ya kufuata ufunguo, ili hata mtoto akikaa juu ya kitufe mshale usiende popote asipoupeleka mwenye kipanya. Kwa hiyo, wadogo zangu, mkibadilisha kompyuta mkumbuke kuizima tena. Kitambaa, kesi ilipokwisha, tulikihamishia ukutani, kwenye fremu, juu ya meza. Kibwana alinikataza kuandika chini yake kimefumwa na nani, akaandika mwenyewe.

Jumatatu asubuhi nilimketisha Bwana Shija kwenye kiti cha mtangazaji, nikaiwasha ile tabia kwa muda, nikamwekea kitambaa na feni, nikamwambia afungue ujumbe kwa mkono wake mzima. Mshale ukamkimbia. Akajaribu tena, ukamkimbia tena. Nikaondoa kila kitu, nikaizima tabia ile, nikamwambia ajaribu. Akafungua ujumbe wote, mmoja baada ya mwingine, kisha akakaa akisugua kipara.

"Na ile familia ya Igalula?" akauliza.

"Nimeshawapigia," akajibu Kibwana kutoka mlangoni. "Nimeomba radhi, nimeomba nimsome mzee wao upya. Mkubwa wao kaniambia, soma, tutasikiliza."

Meneja akamgeukia. "Ukikosea leo, mzee, sina la kuwaambia wale watu. Wala wewe huna."

"Najua."

Alasiri ile nilisimama nyuma ya kioo cha studio na Bwana Shija kando yangu. Kibwana alishusha wimbo kwenye kompyuta ya kulia, akauvusha mshale kwenda kushoto, akafungua ujumbe. Alisoma jina la mzee, kijiji chake, watoto wake wote, wajukuu, waliokuja kuzika kutoka mbali. Akafika mwisho wa sehemu ya kwanza. Nikaona kidole chake cha kushoto kikisita juu ya kipanya, nami nikashika mkono wa meneja bila kukusudia. Akabonyeza. Sehemu ya pili ikafunguka. Akasoma hadi neno la mwisho, akaacha kimya kinachostahili, akavuka kulia, na wimbo wa taratibu ukaingia pale pale ulipotakiwa.

Kisha akafungua tena maikrofoni. "Ndugu wasikilizaji," akasema, "wiki iliyopita msiba huu niliuharibu, na familia imenisamehe. Mmesikia nikirudi kazini, hamkujua narudi na mkono mmoja. Mimi ni mgonjwa wa kiharusi. Kila mnachokisikia hapa nakifanya kwa mkono wa kushoto."

Simu ya kwanza ilitoka Igalula. Alikuwa yule mtoto mkubwa. "Tumesikia wote, uwanja mzima," akasema. "Sasa baba ametangazwa. Ahsante, mzee." Ya pili ilikuwa ya bibi mmoja wa Choma, akaanza kwa salamu yetu ya Kinyamwezi.

"Mwadila, babu."

"Mwadila, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na mimi wa kulia umelala toka mwaka jana. Wanangu wamenikalisha ndani, wanasema nipumzike. Hebu niambie, wewe ulianza na nini?"

"Na uzi na sindano, mama. Nafuma vitambaa," akasema Kibwana, mbele ya mkoa mzima.

Baada ya hapo simu hazikukatika. Walipiga wagonjwa, walipiga wake za wagonjwa, akapiga mwanamume aliyetaka kujua uzi wa namna gani na kuomba jina lake lisitajwe. Saa ya taarifa ya habari ikakaribia. Ninyi mnajua habari kwetu haina mchezo: hata meneja akiwa hewani, ikifika saa anakatwa. Msomaji alikuwa ameshafika mlangoni, karatasi mkononi, anatazama saa ya ukutani, anamtazama Bwana Shija.

Bwana Shija alifuta macho kwa kiganja, akamvutia kiti.

"Kaa kwanza, mwanangu," akasema. "Leo habari itamsubiri mzee."